Mkate Chini ya Mretemu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Fal. 18:41–19:21, Ayu. 2:11–13, Zab. 88, Mt. 26:36–41, 2 Kor. 1:8, 7:5, 6, Gal. 6:2–5.

Fungu la Kukariri: 1 Wafalme 19:7. Likariri kutoka katika Biblia yako mwenyewe. Ni fungu ambalo malaika anamgusa Eliya kwa mara ya pili na kumwambia ale, kwa kuwa safari iliyo mbele yake inazidi nguvu zake.

Mshiriki akiugua malaria au akivunjika mguu, taarifa hufika kanisani kabla ya Sabato. Dorkasi hupanga zamu ya kupika, wazee wa kanisa huenda kuomba naye, na mwenye pikipiki hujitolea kumpeleka kliniki. Lakini mshiriki akiacha kulala usiku, akishindwa kula, akilia kwa sababu asiyoweza kuitaja, taarifa haifiki. Mwenyewe huificha, na jamaa zake humsaidia kuificha. Siku inapovuja huwa imebadilishwa jina: amepoa kiroho, ana dhambi ya siri, au amerogwa.

Biblia haifichi habari za namna hii. Inamweka nabii mkubwa chini ya kichaka jangwani, amechoka kuishi, na inaeleza hatua kwa hatua jinsi Mungu alivyomhudumia. Mpangilio wa hatua hizo ndio somo la juma hili, maana watu wengi wenye nia njema huanzia mwisho.

JUMAPILI
Nabii Aliyeomba Afe

Soma 1 Wafalme 18:41–46 na 19:1–4. Orodhesha yote yaliyompata Eliya tangu Karmeli hadi alipoketi chini ya mretemu. Ni mangapi kati ya hayo yanahusu mwili wake?

Wahubiri hupenda kusimulia moto wa Karmeli, kisha huruka haraka hadi sauti ndogo ya utulivu pale Horebu. Katikati ya matukio hayo mawili yuko mtu aliyechoka vibaya. Nyuma yake kuna miaka mitatu na zaidi ya ukame na kujificha. Siku ya Karmeli alisimama tangu asubuhi mbele ya taifa zima. Baada ya hapo aliomba mvua, akimtuma mtumishi wake mara saba kutazama upande wa bahari. Kisha akakimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli, mwendo wa kilometa 25 hivi. Hapo ukamfikia ujumbe wa Yezebeli kwamba kesho yake atauawa. Akakimbia tena hadi Beer-sheba, zaidi ya kilometa 140 kuelekea kusini, na kutoka huko akaingia jangwani mwendo wa siku moja.

Kuna jambo dogo katika fungu la 3 ambalo ni rahisi kulipita. Pale Beer-sheba alimwacha mtumishi wake. Aliingia jangwani peke yake, na alichagua mwenyewe kuwa peke yake. Mtu aliyelemewa hufanya hivyo mara nyingi. Huzima simu, hubadilisha njia ya kutoka sokoni asikutane na watu, huingia kanisani wimbo wa kwanza ukiwa umekwisha na kutoka kabla ya baraka. Wengine humwona kuwa anajitenga kwa kiburi. Ukweli ni kwamba hana tena nguvu za kujibu salamu.

Angalia pia jinsi mawazo yake yanavyopingana. Alikimbia ili asiuawe, na mara tu alipokuwa salama akaomba afe. Hakuna hoja inayoweza kuunganisha mambo hayo mawili, na kwa sababu hiyo kubishana kwa hoja na mtu aliye katika hali hiyo hakumsaidii. Kilichoharibika si mafundisho yake. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ndiye mwenye imani kubwa kuliko wote katika Israeli.

Wapo wanaosema Eliya alianguka kwa sababu aliacha kuomba. Fungu lenyewe linawapinga: ombi la kufa ni ombi. Alilipeleka kwa Mungu, si penginepo.

Ni maneno gani ambayo kanisa lako hutumia kumwelezea mshiriki aliyejitenga? Je, maneno hayo humrahisishia kurudi, au humwongezea aibu?

JUMATATU
Usingizi, Chakula, Kisha Swali

Soma 1 Wafalme 19:5–18. Mungu alitanguliza nini, na alichelewesha nini?

Kwanza Eliya alilala. Malaika hakumwamsha kwa mahubiri. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, na hakuruka akaanza kusifu. Alilala tena! Malaika hakumkemea kwa kulala mara ya pili. Alirudi, akamgusa tena, akampa tena chakula. Mtu anayemhudumia mgonjwa wa namna hii na ajifunze hapo: msaada wa mara ya kwanza unaweza usionyeshe matokeo yoyote, na mhudumu anatakiwa arudi na chakula kilekile.

Huko Horebu ndipo lilipokuja swali, nalo lilikuwa fupi: anafanya nini mahali pale. Eliya akamwaga yote: bidii yake, wema wote kuuawa, kubaki peke yake. Baadaye ukaja upepo, tetemeko, moto na ile sauti. Mungu akauliza tena swali lilelile. Linganisha sasa fungu la 10 na la 14. Eliya alijibu kwa maneno yaleyale. Kushuhudia nguvu za Mungu kwa macho yake hakukuyaondoa mawazo yaliyokuwa yakizunguka kichwani mwake. Wanaokaa na wenye sonona wanaijua hali hiyo: unamtia moyo jioni nzima, asubuhi anaanza tena pale alipoachia jana. Si ukaidi. Mungu mwenyewe alisikiliza mara mbili bila kumkatiza.

Baada ya kusikiliza, alimpa kazi tatu za kufanya. Moja kati ya hizo ilikuwa kumtia mafuta Elisha, yaani alipewa mtu wa kutembea naye. Marekebisho ya kosa lake yalikuja mwisho kabisa: hakuwa peke yake, walikuwapo 7,000. Fikiri kama malaika angeanza na hesabu hiyo chini ya mretemu. Ingekuwa kweli tupu, na isingemfaa kitu mtu mwenye njaa.

Kanisani mpangilio huo mara nyingi hugeuzwa. Mgeni anaingia nyumbani kwa mgonjwa, anamweleza kwanza kosa lake, anampa majukumu (“njoo uongoze sala ya Jumatano, utachangamka”), anamwombea haraka akiwa amesimama, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza kama amekula au kama amelala. Usingizi uliopotea kwa majuma si jambo la pembeni. Huharibu kumbukumbu, subira na uamuzi wa mtu aliye mzima kabisa, sembuse aliyelemewa. Kumchukulia mama mchanga mtoto wake kwa saa tatu ili alale ni huduma ya malaika wa sura hii, hata kama haitaandikwa katika taarifa ya robo.

Katika juma hili, ni nani unayemjua anayehitaji kwanza chakula au usingizi kabla ya ushauri wowote?

JUMANNE
Zaburi Inayoishia Gizani

Soma Zaburi 88 yote, taratibu. Tafuta mahali inapogeuka kuwa shangwe.

Hutapaona. Zaburi nyingi za maombolezo huanza chini na kumalizikia juu, kwa sifa au kwa ahadi. Hii ya Hemani Mwezrahi huanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wake na kufungwa kwa neno la giza, rafiki wote wakiwa mbali. Watu wa Mungu waliiweka katika kitabu cha nyimbo wakijua jinsi inavyoishia.

Kwa hiyo mwabuduo anaruhusiwa kuja mbele za Mungu siku ambayo hana ushuhuda. Katika kipindi cha shuhuda, wanaopewa nafasi ni waliokwisha kuvuka. Aliye bado katikati ya mto hukaa kimya na kudhani kuwa hana haki ya kuwapo. Darasa la Shule ya Sabato ni dogo, na hapo mtu anaweza kusema, “Bado ni giza,” pasiwepo wa kumharakisha afike mwisho mzuri.

JUMATANO
Faraja Iliyokuja kwa Miguu

Soma 2 Wakorintho 1:8. 7:5, 6 na Mathayo 26:36–41. Paulo alifarijiwa kwa njia gani? Yesu aliwaomba nini wanafunzi watatu?

Paulo anakiri kwamba huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Huko Makedonia vilevile mwili wake haukupata raha, nje vita na ndani hofu. Kisha anamtaja Mungu kuwa ndiye awafarijiye wanyonge, na msomaji anatazamia maono au sauti kutoka mbinguni. Badala yake anasoma kwamba Tito alifika. Faraja ya Mungu ilikuwa mtu mwenye vumbi miguuni.

Bwana mwenyewe, usiku wa Gethsemane, aliwaambia Petro na wana wa Zebedayo jinsi roho yake ilivyokuwa na huzuni, akawaomba wakae na kukesha pamoja naye. Hakuwaomba watatue lolote. Ikiwa Mwana wa Mungu aliomba watu wa kukaa naye, mshiriki anayeomba vivyo hivyo hana sababu ya kuona haya. (Walilala, ndiyo. Wasaidizi nao huchoka, na Yesu aliuona udhaifu wao wa mwili bila kuwafukuza.)

Jambo hili limejaribiwa kwa vitendo huko Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua akiwa nyumbani kwao, mbali na hospitali. Ilikuwa arudi kwa daktari, lakini familia haikuwa na nauli ya basi. Chibanda akaona kwamba kumngojea mgonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, ambako mwaka uliotangulia maelfu ya nyumba zilikuwa zimebomolewa kwa amri ya serikali. Hapakuwa na vyumba, wala wauguzi wa kutosha. Kulikuwa na bibi, na benchi la mbao chini ya mti karibu na zahanati.

Mwanzoni benchi hilo liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Ni bibi wenyewe walioshauri liitwe Benchi la Urafiki. Hawakutumia pia majina ya kitaalamu ya ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na aliyelisikia alijitambua mara moja. Mswahili anaelewa bila kufafanuliwa. Mtu akisema, “Nina mawazo,” hasemi kwamba amepata wazo zuri la biashara.

Kazi ya bibi ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Anasikiliza habari yote hadi mwisho. Hampi mgeni jibu lake. Anamsaidia kuyapanga matatizo yake na kuchagua moja, lile analoweza kuanza nalo, kisha wanakubaliana hatua atakayojaribu kabla ya kukutana tena. Vikao huwa kama sita. Aliyezidiwa hupelekwa kwa daktari. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573. Baada ya miezi sita, katika kundi la waliokaa kwenye benchi, wenye dalili za sonona walikuwa chini ya 14 kwa kila 100. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50.

Bibi hao hawakuwa wamesomea udaktari. Walifundishwa kusikiliza, na walikuwa na muda. Karibu kila kanisa lina kina mama na wazee wa aina hiyo, wamekaa bila kazi mchana wa Jumanne, na lina mabenchi.

Soma Ayubu 2:11–13. Marafiki wa Ayubu walifanya nini kwa siku saba, na waliharibu lini?

ALHAMISI
Mzigo, Daktari na Nyasi za Greenville

Soma Wagalatia 6:2–5. Inawezekanaje kubebeana mizigo (fungu la 2) na kila mtu achukue furushi lake (fungu la 5)?

Ipo mizigo ambayo rafiki hawezi kuibeba kwa kusikiliza tu. Huzuni au kupoteza hamu ya kila kitu kukidumu zaidi ya majuma mawili, usingizi na chakula vikivurugika, kazi za kila siku zikishindikana, ni wakati wa kwenda kituo cha afya. Vivyo hivyo mtu akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asingojewe hata majuma hayo mawili. Majina ya hospitali za akili, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, yamegeuzwa kuwa matusi ya mtaani, na watu wanaogopa kwamba ukimwona daktari utafungiwa. Wengi wenye sonona hawalazwi kabisa. Hutibiwa wakiwa nyumbani, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wagonjwa wengi huziacha mapema wakidhani hazifai. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara. Kwa hiyo mzee wa kanisa anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani anafanya jambo la hatari. Asingethubutu kumwambia hivyo mwenye kisukari. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa.

Waadventista wanayo habari ya nyumbani kwao kuhusu jambo hili. Mwezi Agosti 1865 James White, aliyefanya kazi ya watu kadhaa kwa miaka mingi, alipatwa na kiharusi. Huko Dansville, jimbo la New York, waganga walimshauri apumzike kabisa, mwili na akili. Miezi ilipita, na hofu ikamwingia kiasi cha kutokujiamini kwa kazi yoyote. Mkewe Ellen aliona kwamba kukaa bure sasa kunamzamisha. Wakahamia shamba huko Greenville, Michigan. Majira ya kiangazi ya 1867 nyasi zilikuwa tayari kuvunwa, na James alitarajia kuwaita majirani. Ellen akawatangulia kwa siri, akawaomba wakatae. Mume alipokosa msaada, mke akasema watavuna wenyewe: James apakie nyasi, yeye azikanyage na kupanga lundo. Walivuna. Baadaye James alirudi hata kuwa rais wa Konferensi Kuu.

Habari hii hutumiwa vibaya na watu wanaotaka kumwambia mgonjwa ainuke afanye kazi. Ellen hakumwamuru mumewe ainuke. Alipanda mwenyewe juu ya lile lundo. Tena nyasi zilikuja karibu miaka miwili baada ya kuugua, baada ya uangalizi mwingi, kama vile kazi tatu za Eliya zilivyokuja baada ya mkate.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena 1 Wafalme 19:19–21 na uangalie maisha ya Eliya baada ya Horebu. Elisha alimfuata na kumtumikia, na mwisho wake haukuwa ule aliouomba jangwani. Ombi lake la kufa halikujibiwa kamwe.

Jambo moja haliwezi kuachwa bila kusemwa darasani. Mshiriki akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, au kusema kwamba familia ingepata nafuu asingekuwapo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Hakumpi, mara nyingi anapumua, maana hatimaye kuna aliyeuliza. Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za kuulia wadudu, kamba na vitu vya namna hiyo viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ombeni naye njiani. Siri ya namna hiyo haitunzwi. Mweleze mapema kwamba utamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, kisha kila jambo jingine alilokuambia libaki kwako.

Hofu ya sheria nayo imefanya familia nyingi kunyamaza. Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba. Mtu aliyefika ukingoni kiasi hicho anahitaji kitanda na mlinzi wa usiku, si pingu.

Maswali ya Kujadili

1. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Je, mtumishi angepaswa kumfuata hata alipokatazwa? Ni wakati gani inafaa kumheshimu mtu anayetaka kuwa peke yake, na ni wakati gani haifai?

2. Mshiriki anawaambia wenzake darasani kwamba anatumia dawa za sonona. Jadilini kwa uaminifu: nini kingesemwa juu yake kufikia jioni, na nani angekisema?

3. Wachungaji, wazee wa kanisa na walimu wa Shule ya Sabato husikiliza mizigo ya wengine mwaka mzima. Katika kanisa lenu, wao huwasimulia nani ya kwao? Kama hakuna, mtu huyo anaweza kupatikanaje?

4. Chukueni orodha ya darasa. Ni majina gani ambayo hayajaitikia kwa majuma matatu au zaidi? Gawaneni majina hayo kabla ya kufunga kipindi: nani atakwenda kwa nani, siku gani, na atabeba chakula gani?